Ukumbi Usiorudia Ubeti

Usiku mmoja nilisimamisha klipu kwenye simu, nikaweka kucha ya kidole changu cha mwisho pale chini, katikati ya kioo. Mwimbaji, mpiga gitaa, mpiga besi na mpiga dramu, wote wanne wakafunikwa. Bendi nzima ya U2 chini ya kucha moja. Sehemu yote iliyobaki ilikuwa jangwa na anga, na katikati ya anga hilo bendera kubwa ya moshi mweupe ikipepea. Chini yake, kama mishumaa kwenye mkesha, vilionekana vioo vidogo vya simu vya mashabiki waliokuwa wakirekodi kitu kilekile.

Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Akaniuliza, "Kaka, sasa wanaoimba wako wapi?" Nikaondoa kucha nikamwonyesha. Akainama, akakodoa macho, akasema, "Mh." Kisha akaenda zake kulala.

Ile "mh" yake haijanitoka kichwani, maana ndiyo hoja ambayo mashabiki wa muziki wa roki wamekuwa wakivutana nayo tangu ukumbi ule ulipofunguliwa, ila wao wameisema kwa maneno mengi zaidi.

Klipu ile ilichukuliwa ndani ya Sphere, jumba la duara kama mpira lililojengwa Las Vegas, Marekani, kwa gharama ya dola bilioni 2.3. Lina kimo cha mita 112 na upana wa mita 157. Ndani yake skrini inaanzia nyuma ya jukwaa, inapanda, inapita juu ya vichwa vya watu na kuwazunguka pembeni. Ina karibu mita za mraba 15,000. Chukua viwanja viwili vya mpira wa miguu, vikunje viwe paa, kisha keti chini yake. Nyuma ya skrini hiyo zimefichwa spika zaidi ya 160,000, na viti 10,000 vimetengenezwa vitetemeke pamoja na kinachoonyeshwa. U2, bendi iliyozaliwa Dublin, ndiyo iliyoufungua ukumbi huo usiku wa 29 Septemba 2023. Ikapiga maonyesho 40 hadi 2 Machi 2024, na kiini cha kila onyesho kilikuwa albamu yake ya 1991, Achtung Baby.

Nianze na waliofurahi, kwa sababu walikuwa wengi na furaha yao ilikuwa ya kweli. Walipoingia walikuta ukumbi wa zege. Kuta za kijivu zilipanda na kujipinda hadi kwenye tundu la duara huko juu, kama hekalu la kale la Roma, na kuna waliokaa hapo muda mzima wa kusubiri wakiamini kwamba ndivyo jengo lilivyojengwa. Onyesho lilipoanza, zege likapasuka kwa umbo la msalaba na mwanga ukamwagika kupitia ufa. Baadaye kidogo dari lilijaa herufi na namba, kisha dari lenyewe likaanza kushuka. Kwenye klipu moja unamsikia aliyeshika simu akicheka kicheko cha mtu aliyeshtuka na hataki ijulikane. Halafu ikaja kazi ya msanii Marco Brambilla, msitu wa picha za Elvis Presley uliobandikwa ukuta hadi paa. Picha hiyo iliposogea, waliosimama chini walihisi sakafu nayo inapanda. Tena kuna wakati skrini ilijifanya dirisha. Jiji la Las Vegas la nje likaonekana lilivyo usiku ule, kisha majengo yakaanza kuondoka moja baada ya jingine hadi likabaki jangwa tupu lililokuwepo kabla ya hoteli na kamari.

Mtu aliyeona hayo akatoka akitetemeka, akasema hajawahi kuona kitu kama kile, anasema kweli. Hajawahi, maana hakikuwahi kuwepo. Sina sababu ya kumkejeli. Binadamu akisimama mbele ya kitu kikubwa kuliko macho yake, iwe bahari au mlima, mwili wake humjibu kabla akili haijafika. Wabunifu wa onyesho lile, Willie Williams akiwa mbele yao, walilijua hilo na walilitumia kwa ustadi mkubwa.

Sasa walalamikaji. Wapo waliolalamikia viti, na hao walikuwa na haki bila mjadala. Waliokaa safu za nyuma za sehemu ya chini waligundua kwamba ghorofa iliyo juu yao inaikata skrini, wakabaki na ukanda mwembamba tu wa picha ambayo wenzao walikuwa wakiipigia mayowe. Walioko juu kabisa, ambako viti vimepangwa kwa mwinamo mkali kama ngazi, walizungumzia kizunguzungu. Hayo ni mambo ya ramani ya ukumbi, mtu makini akisoma vizuri kabla ya kununua tiketi anaweza kuyakwepa.

Lalamiko lililonigusa ni la wale waliokuwa na kiti kizuri, wakaona kila kitu, na bado wakarudi nyumbani na upungufu wasioweza kuutaja. Wengi wao ni mashabiki wa miaka mingi. Walisema, picha nzuri sana, lakini sikuwaona. Walijibiwa vibaya. Waliambiwa wamezeeka, hawajui dunia imekwenda wapi, warudi kwenye kaseti zao. Mimi naona walikuwa wameshika jambo la msingi kuliko waliowajibu, na ushahidi wa kwanza ni Larry Mullen, mpiga dramu wa U2.

Larry Mullen Jr ndiye aliyebandika tangazo kwenye ubao wa shule yao huko Dublin mwaka 1976 akitafuta wenzake wa kupiga nao muziki. Bendi ilianzia hapo. Mwaka 2023 alikuwa akiuguza mwili baada ya upasuaji, hivyo kiti chake Las Vegas kilikaliwa na Bram van den Berg wa bendi ya Krezip ya Uholanzi. Kijana wa watu alipiga vizuri na mashabiki walimpokea kwa heshima. Hata hivyo fuatilia mazungumzo ya mashabiki wa muda mrefu kuhusu maonyesho yale na utaona jinsi yanavyorudi kwa Larry, tena na tena. Ukumbi uliogharimu dola bilioni 2.3 uliweza kuondoa jiji zima mbele ya macho ya watu, na bado mtu aliyekaa ndani yake anakwambia, mwenzetu mmoja hakuwepo. Ukitaka kujua shabiki huenda onyeshoni kumfuata nani, mwulize siku ambayo mtu huyo hayupo.

Sisi tuliokulia kwenye taarabu tuna kipimo chetu cha jambo hili, na sioni aibu kukitumia hapa. Mwimbaji akifika kwenye ubeti unaomchoma mtu, mtu huyo huinuka. Noti iko mkononi, anakwenda mbele taratibu kwa mwendo wa kucheza, anamtunza mwimbaji, pengine anageuka kuangalia upande aliokaa mlengwa wa maneno yale. Mwimbaji akiona moto umeshika hapo, hasongi mbele. Anaurudia ubeti. Wapiga vyombo wanamfuata bila kuambiwa, na wimbo wa dakika kumi unakwenda ishirini. Shabiki amebadilisha wimbo kwa miguu yake mwenyewe.

Je, ndani ya Sphere ubeti unaweza kurudiwa? Picha ya ukubwa ule haichorwi usiku wa onyesho. Hutengenezwa kwa miezi, kompyuta zikikesha, na ikikamilika ina mwanzo wake, mwisho wake na sekunde zake. Jengo likipangiwa kuondoka kwenye sekunde fulani ya wimbo, litaondoka, hata kama mama mmoja safu ya tatu ndiyo kwanza ameanza kulia. Bendi nayo inalazimika kwenda na picha. Ndiyo maana mpangilio wa nyimbo za U2 ulibaki karibu uleule kutoka usiku hadi usiku, isipokuwa pale katikati. Hapo walipiga nyimbo chache juu ya jukwaa lao lililofanana na sahani ya santuri, umbo lililotokana na kazi ya mwanamuziki Brian Eno, vyombo vichache, skrini ikiwa imetulia. Nyimbo hizo zilibadilika. Shabiki aliyenunua tiketi za siku mbili alikuwa na jambo la kusubiri asilolijua, na jambo hilo lilikuwa pale picha iliponyamaza.

Ninachokisema hakiwahusu wapenda teknolojia dhidi ya wasioipenda. Bendi hiihii ya U2 ndiyo iliyowahi kuonyesha njia nyingine, kwa skrini hizohizo, mwaka 1992.

Ziara yao ya Zoo TV ilianza Lakeland, Florida, 29 Februari mwaka huo, naye Willie Williams alikuwa mbunifu tayari. Jukwaani walining'iniza magari ya Trabant, vile vigari vya Ujerumani Mashariki, taa zake zikageuzwa kuwa taa za onyesho. Walizunguka na dishi la setilaiti, na Bono, mwimbaji wao, alisimama mbele ya maelfu akiwa na rimoti mkononi, akibadilisha chaneli za televisheni za usiku uleule. Hakuna aliyejua kitakachotokea, hata yeye. Akiwa Detroit mwezi Machi alipiga simu kwenye duka la piza akiwa jukwaani, akaagiza piza 10,000 kwa ajili ya watu wote. Zilifika 100 hivi. Watu waliokuwepo bado wanazisimulia.

Kilichonivutia zaidi ni kibanda. Kabla ya onyesho shabiki aliweza kuingia kwenye kibanda chenye kamera na kuungama chochote: uongo aliomwambia mumewe, mtu anayempenda na hajamwambia, upuuzi wowote. Kisha bendi ilipotoka kabla ya kurudi kwa nyimbo za mwisho, baadhi ya maungamo hayo yalitokea kwenye skrini kubwa mbele ya uwanja mzima. Hebu fikiria uko hapo, na ghafla sura ya yule dada uliyesimama naye kwenye foleni inajaa uwanja. Teknolojia ya wakati huo ilikuwa duni mbele ya Sphere kama kibatari mbele ya jua. Lakini picha ilikuwa imewasikiliza watu waliokuwepo, na usiku wa kesho ingekuwa picha nyingine kwa sababu wangekuja watu wengine.

Kuisikiliza dunia kuna gharama yake, nayo lazima isemwe. Mwaka 1993, vita vikiendelea Bosnia, U2 walianza kuunganisha onyesho na Sarajevo kwa setilaiti. Katikati ya nyimbo, kwenye skrini ileile ya mzaha na matangazo ya biashara, alitokea mtu kutoka mji uliozingirwa. Uwanja ulinyamaza. Mwezi Agosti, Wembley, wanawake wa Sarajevo waliwaambia wazi kwamba onyesho litaendelea, watu watarudi kwenye starehe yao, na wao wataachwa walipo. Baada ya hapo bendi ilitakiwa kupiga wimbo unaofuata. Wako mashabiki waliokasirika, wakisema walikuja kustarehe. Waandishi Uingereza waliwashutumu kwa kutumia mateso ya watu kama pambo. Ndani ya bendi kwenyewe hawakuwa na amani na jambo hilo, wakaliacha. Mimi sijui kama walifanya sawa kuanza. Najua kwamba ukimya ule wa uwanja wa mpira uliofurika hakuna sekunde iliyopangiwa kuumaliza. Ulikwisha watu walipoweza.

Miaka minne baadaye, Aprili 1997, walianzisha ziara ya PopMart, na walianzia Las Vegas hiyohiyo. Nyuma yao ilisimama skrini ya LED iliyokuwa kubwa kuliko zote duniani kwa wakati huo, upana karibu mita 50, pamoja na limau kubwa la kung'aa ambalo bendi ilitoka ndani yake. Skrini ile ilikuwa ajabu ya siku zake, kama Sphere ilivyo ajabu ya siku zetu. Leo ukimkuta shabiki wa PopMart, atakusimulia nini? Atakusimulia Oslo, Agosti 1997, siku limau lilipokwama na bendi ikanaswa ndani, ikabidi watokee mlango wa nyuma. Atakwambia na macho yake yakicheka. Skrini kubwa kuliko zote imeshapitwa mara nyingi, na hilo halina budi kutokea kwa kila kinachosifiwa kwa ukubwa wake peke yake. Limau lililokwama halijapitwa na kitu.

Hata asili ya picha jukwaani katika roki ilikuwa mikono ya watu. Mwaka 1966 na 1967, kwenye klabu ya UFO jijini London, bendi ya Pink Floyd walipiga huku mafundi wakimwaga rangi kati ya vioo viwili vya slaidi, joto la taa likizichemsha, mapovu yakitembea juu ya nyuso za wapiga gitaa. Fundi alikuwa akisikiliza. Muziki ukipanda, mkono unatikisa kioo. Bendi hiyohiyo baadaye, mwaka 1980, ilijenga ukuta mweupe mbele ya watazamaji, tofali baada ya tofali, hadi ukaificha bendi yote. Kisa chake ni shabiki: Montreal, Julai 1977, Roger Waters, mpiga besi wake, alimtemea mate kijana mmoja aliyekuwa akipiga kelele mbele ya jukwaa, akajishtukia mwenyewe. Ukuta ule ulikuwa maungamo yake kuhusu umbali uliokuwa umeingia kati yake na watu. Ulificha bendi, lakini ulisema kwamba unaificha. Waliokaa mbele yake wakiwa hawaoni mtu walijua kwamba kutoona ndiyo habari yenyewe.

Turudi Las Vegas, kwa sababu baada ya U2 yametokea mambo mawili yanayonipa moyo. Aprili 2024 waliingia Phish, bendi ya Vermont ambayo mashabiki wake humfuata mpiga gitaa popote anapokwenda, hata akitumia nusu saa kwenye wimbo mmoja. Walipiga siku nne bila kurudia wimbo hata mmoja. Kwa bendi ya namna hiyo picha yenye sekunde zake ingekuwa pingu. Walichofanya ni kutengeneza picha ambazo mafundi waliweza kuziendesha papo hapo, kuzirefusha, kuzigeuza rangi, kuziyeyusha, wakiifuata bendi badala ya bendi kuzifuata. Yaani fundi wa UFO na mkono wake juu ya kioo amerudi, ila sasa kioo chake ni viwanja viwili vya mpira. Kwa hiyo inawezekana. Ni gharama, ni kazi ngumu zaidi, na inataka fundi mwenye sikio, lakini inawezekana.

Mwezi uliofuata wakaja Dead & Company, warithi wa bendi ya zamani ya Grateful Dead, kwa maonyesho 30. Onyesho lao lilianza mbele ya nyumba moja ya mbao, namba 710 mtaa wa Ashbury, San Francisco. Grateful Dead waliishi humo miaka ya sitini. Kisha picha ikapanda juu ya mtaa, juu ya jiji, hadi angani kabisa dunia ikawa duara. Kwa mgeni ni picha ya kuruka tu. Kwa mzee aliyeifuata bendi hiyo tangu ujanani, ni mlango wa nyumba anayoijua. Machozi ya wazee wale hayakuletwa na ukubwa wa skrini. Waliletewa maisha yao wenyewe, na skrini ilikuwa kubwa ya kutosha kuyabeba.

Hapa nataka kuwatetea wenye simu, ambao wamelaumiwa kuliko walivyostahili. Inasemwa kwamba simu zimeua tamasha, watu hawaangalii tena. Lakini Grateful Dead waliwatengea mashabiki wenye vinasa sauti sehemu yao maalumu ukumbini tangu 1984, na watu wakasimama hapo na maikrofoni zao ndefu, usiku baada ya usiku, kisha wakabadilishana kaseti kwa posta. Bendi yenyewe haikusema kinasa kimeua muziki. Shabiki hurekodi kile anachoona ndicho cha thamani. Wale walirekodi sauti kwa sababu sauti haikuwa sawa siku mbili mfululizo, na picha ya wazee wenye ndevu wamesimama haikuwa na jipya. Wa leo wanainua simu kwenye dari kwa sababu dari ndilo walilopewa. Na hasara yake iko wazi: zile spika zaidi ya 160,000, ambazo waliokuwepo wanasema zilimfikisha mwimbaji sikioni kama anakunong'oneza, hazipiti kwenye simu. Mimi niliyeko mbali nimepokea jangwa, nimepokea bendera, sikupokea sauti. Nadhani pengine jambo kubwa kuliko yote la ukumbi ule ni lile ambalo haliwezi kuonyeshwa, na kwa hiyo halizungumzwi.

Ile bendera ya moshi, kwa njia, ni kazi ya msanii John Gerrard, na ni nzuri. Ila shabiki wa zamani akiiona hawezi kuacha kukumbuka onyesho la U2 la Red Rocks, Colorado, Juni 1983. Mvua ilikuwa imenyesha, ukungu umeshika miamba, na Bono alitembea jukwaani na bendera nyeupe ya kitambaa, ameishika mwenyewe kwenye mti wake, inamlemea. Ya kitambaa ilikuwa na uzito. Hapo ndipo "sikuwaona" ya wale wazee inapopata maana yake.

Suala hili linatusogelea. Oktoba 2024 ilitangazwa kwamba Sphere nyingine itajengwa Abu Dhabi, safari ya saa chache tu kwa ndege kutoka Mombasa au Dar es Salaam, kwenye nchi ambako ndugu zetu wengi wanafanya kazi. London waliikataa ya kwao Novemba 2023, meya akitaja mwanga ambao ungewaangukia wakazi wa jirani. Siku moja msanii wa kwetu atapanda kwenye jukwaa la namna hiyo, na atakayemtengenezea picha atamuuliza wimbo una dakika ngapi. Ningependa ajibu kwamba itategemea watu.

Mzaliwa mmoja wa Unguja aliwahi kulijibu swali hilo mbele ya dunia. Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, na tarehe 13 Julai 1985 alisimama Wembley kwenye tamasha la Live Aid mbele ya watu wapatao 72,000. Jua lilikuwa bado halijazama, kwa hiyo taa za jukwaani hazikuwa na kazi. Queen, bendi yake, walikuwa na dakika 20 hivi. Katikati yake akasimamisha nyimbo kabisa, akatupa sauti moja hewani, uwanja ukairudisha. Akatupa ndefu zaidi, ikarudi. Akaizungusha, ikarudi ikiwa imezungushwa. Mtu na watu, hakuna kingine.

Lakini siku ileile, saa moja na ushei kabla yake, U2 nao walipita hapohapo. Walikuwa na nafasi ya nyimbo tatu. Kwenye wimbo wa pili Bono aliona wasichana waliobanwa mbele, akaanza kuwaashiria walinzi wawatoe, hawakumwelewa. Akaruka chini mwenyewe. Akamkumbatia msichana mmoja, akacheza naye polepole pale kwenye nafasi kati ya jukwaa na watu, wimbo ukaendelea kujizungusha hadi dakika 12 hivi, na wimbo wa tatu, ule maarufu waliotakiwa kumalizia, ukakosa nafasi. Wenzake walikasirika, yeye mwenyewe aliondoka akiamini ameharibu siku. Pale juu jukwaani The Edge, Adam Clayton na Larry Mullen hawakuwa wakimwona. Hawakujua amekwenda wapi wala atarudi lini. Waliurudia ubeti, wakaurudia tena, Larry akishikilia mdundo, wakimsubiri.